Kohozi si mate: Tunavyopotosha istilahi za mwili na maradhi

KUNA dai ambalo limerudiwa mara nyingi hadi likaanza kuaminika, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kuelezea mwili wa binadamu na maradhi yake. Nimelisikia kutoka kwa madaktari wachanga, kwa wanahabari na hata kwa walimu wenzangu wa lugha. "Mambo ya hosi ni Kizungu, bwana," mtu hukwambia, na mjadala hukatikia hapo.

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba dai hilo halina mashiko. Maneno tunayo, na mengi yana umri mkubwa kuliko hospitali zetu. Tatizo liko katika matumizi. Baadhi ya maneno tumeyapanua hadi yakapoteza mipaka, mengine tumeyafunika kwa tafsida zinazoficha ugonjwa pamoja na aibu, na mengine tumeyatupa tukachukua tafsiri sisisi za Kiingereza. Hasara ya mtindo huo haimwendei mwanaisimu. Humwendea mgonjwa.

Tembea siku moja kutoka Kawangware hadi Riruta, kisha uendelee hadi Waithaka na Mutuini, ukisoma maandishi ya kando ya barabara. Vibao vya kliniki na maabara, vingi vyavyo, vimeandikwa kwa Kiingereza. Karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima na waganga wanaodai kutibu kila kitu zimeandikwa kwa Kiswahili ambacho kila mpita njia anakielewa: nguvu za kiume, uzazi, tumbo sugu, miguu kufa ganzi. Mganga ameshajua lugha ya mteja wake. Daktari angali anamngoja mteja ajifunze yake.

Nianze na kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiorodhesha Kenya miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, ambao huenea kwa hewa na hustawi penye vyumba vidogo vyenye watu wengi. Dagoretti ina Kileleshwa yenye bustani, lakini pia ina Gatina na Ng'ando, ambako si ajabu familia nzima kulala katika chumba kimoja. Tangu Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mnamo Machi 24, 1882, kitu ambacho mpimaji hukihitaji kwanza ni kile kinachotoka mapafuni mtu anapokohoa. Kiswahili kinakiita kohozi, wingi wake makohozi.

Tazama jinsi lugha yetu ilivyoyapanga majimaji ya mwili. Mate hutoka kinywani. Kamasi hutoka puani. Kohozi hutoka kifuani. Usaha hutunga kwenye jipu au kidonda. Ute ni jina la jumla la kioevu kinachoteleza kama kile cha yai. Watu wa Pwani wana belghamu pia, yaani kohozi zito. Neno hilo lilitufikia kupitia Kiarabu, na katika tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu lilitaja mojawapo ya majimaji manne yaliyoaminiwa kuutawala mwili: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nadharia hiyo imekufa, neno limebaki, na mipaka yake haijafutika.

Sasa sikiliza tunavyozungumza. Katika zahanati moja ya Dagoretti, ambayo jina lake nitalihifadhi, nilimsikia muuguzi akimpa mzee mmoja kikopo na kumwagiza: "Mzee, kesho asubuhi utatema mate hapa alafu utuletee, sawa?" Mzee akaitikia, "Sawa, sista," akakitia kikopo mfukoni na kwenda zake. Hakuna aliyekohoa ili kumwonyesha. Hakuna aliyelitaja kohozi.

Mzee huyo akiitii lugha aliyopewa, atarudi na mate. Mate si sampuli nzuri ya kupimia kifua kikuu, kwani bakteria wanaotafutwa wako kwenye kile kinachopanda kutoka mapafuni. Mashine inaweza kutoa majibu kwamba hana kitu, naye akarudi nyumbani kwa wajukuu akiendelea kukohoa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za umma, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Ila dawa ya bure haimsaidii mtu ambaye ugonjwa wake haujaonekana. Kati ya mzee huyo na dawa pamesimama neno moja.

Tofauti nyingine inayopuuzwa ni ya vitenzi. "Natema damu," mgonjwa husema, na anayeandika huandika hivyo hivyo. Damu inayotemwa inaweza kuwa ya fizi, ya mapafu au ya tumbo. Kiswahili kina kukohoa damu na kutapika damu, na tofauti kati ya viwili hivyo ni tofauti kati ya pafu na tumbo, yaani kati ya wodi mbili. Lugha imekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari. Inasikitisha kwamba tunaikataa nusu hiyo kwa kutosikiliza.

Niingie sasa kwenye maneno yaliyopanuliwa kupita kiasi. Katika kundi hili hakuna lililoteseka kuliko homa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni joto la mwili linalopanda kwa sababu ya ugonjwa. Pwani na Tanzania maana hiyo ingali hai. Nairobi mambo yamegeuka. Mtu anayepiga chafya na kufutafuta kamasi husema, "Niko na homa." Anachougua ni mafua. Vyombo vyetu vya habari vimeidhinisha mgeuko huo: huku tukizungumzia homa ya ndege na homa ya nguruwe, wenzetu Tanzania walisema mafua ya ndege na mafua ya nguruwe, na kwa maoni yangu wao ndio waliopatia.

Huenda msomaji akauliza, kwani kuna ubaya gani maana ikibadilika? Lugha si hubadilika? Hubadilika, naam. Lakini fikiria mama anayeishi Kawangware, mtaa wenye wakazi wengi waliotoka Magharibi mwa Kenya. Amemleta mtoto aliyerudi juzi kutoka likizoni kwa nyanya yake. Muuguzi anauliza, "Mama, mtoto ana homa?" Mama anaangalia pua ya mtoto, anaona haina kamasi, anajibu, "Hapana, hana homa. Ni mwili tu umeshika moto." Nairobi iko juu na malaria haijazoeleka hapa, lakini mtoto ametoka katika eneo lenye mbu na malaria. Mama hajadanganya, na muuguzi hakukosea kuuliza. Wametumia neno moja lenye maana mbili, kila mmoja ameshika yake, na kwenye daftari imeandikwa kwamba homa hakuna.

Neno hilo hilo limebebeshwa mizigo mingine: homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo, homa ya Bonde la Ufa, homa ya manjano. Majina haya yana mantiki, kwani maradhi yote hayo huja na joto la mwili. Balaa huzuka pale homa inapohesabiwa kuwa mafua, kwa sababu nimonia na uti wa mgongo huanza kusikika kama mambo ya kamasi. Isitoshe, homa ya manjano imepewa kazi mbili. Ni jina la ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule ambao msafiri huchanjwa na kupewa kadi. Wakati huo huo, wengi wetu humwita hivyo mtu yeyote aliyegeuka manjano machoni, awe na tatizo la ini, la nyongo au ni mtoto mchanga wa siku tatu. Kubadilika rangi kwa macho ni dalili. Ingefaa tuseme "macho yake yamekuwa manjano" na kumwachia mpimaji alitafute jina la ugonjwa.

Kosa la namna hii limewaingia pia wanahabari wetu, na hapa nitanyosha kidole. Utasikia kwenye taarifa ya saa moja kwamba fulani "anaugua shinikizo la damu". Kila mtu aliye hai ana shinikizo la damu. Asiyekuwa nalo amekwisha kuzikwa. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu. Mkazi wa Riruta anayesema "presha imepanda" amesema kwa usahihi zaidi kuliko msomaji wa habari, maana ametaja kilichopanda. Ndivyo ilivyo kwa "ana sukari". Sukari iko katika damu ya kila mmoja wetu. Ugonjwa ni kisukari, na kiambishi ki- hapo hakikuwekwa kama pambo. Kiswahili kimekitumia kiambishi hicho kuyapa maradhi majina: kichocho, kifaduro, kifafa, kisonono, kipindupindu, kiharusi. Ndicho kinachotenganisha kohozi na kikohozi, kitu na ugonjwa. Tunapokiangusha tunarudi kwenye utata ambao wahenga walikwisha kuutatua.

Sehemu ya pili ya lawama zangu inahusu tafsida. Sina ugomvi na adabu. Mswahili hasemi kila kitu wazi mbele ya kila mtu, na hilo ni jambo la kujivunia. Haja kubwa na haja ndogo ni tafsida za kupendeza, na kila moja inaonyesha waziwazi kinachosemwa; mgonjwa akiombwa sampuli ya haja ndogo hawezi kukosea. Hiyo ni adabu isiyopoteza maana. Linganisha na neno choo, ambalo ni kitu kinachotoka mwilini na ni chumba pia, au na "huku chini", ambako kunaweza kuwa popote kati ya kitovu na magoti.

Tafsida mbaya zaidi ni ile inayohukumu. Vipeperushi vya afya ya uzazi, hapa na kwa jirani zetu, huandika kwamba mwanamke "anatokwa na uchafu". Wanawake nao wamelizoea neno hilo hadi wanalitumia kujieleza: "Daktari, natoka uchafu." Ute wa uke ni kitu cha kawaida cha mwili wenye afya. Hubadilika katika mzunguko wa mwezi, na ndio unaosaidia kuulinda mwili dhidi ya vijidudu. Dalili ya ugonjwa ni kubadilika kwake: rangi, harufu, wingi, au kuandamana na mwasho na maumivu. Lakini msichana aliyefundishwa kwamba kila kitokacho ni uchafu atafanya mambo mawili. Atajiosha kwa sabuni kali mahali pasipohitaji sabuni, akauharibu ulinzi huo wa mwili. Na siku atakapougua kweli, ataona haya kusema. Neno ute lipo na halimwaibishi mtu. Sioni sababu ya mtaalamu wa afya kuandika uchafu.

Na tukiwa hapo hapo, tulitazame neno zinaa. Magonjwa kama kaswende na kisonono tumeyaita magonjwa ya zinaa kwa miaka mingi. Zinaa ni ngono ya haramu. Je, mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe ndani ya ndoa amezini? Mtoto aliyezaliwa na kaswende amezini? Jina la ugonjwa limewahukumu kabla ya daktari kuwasikiliza. Anayeogopa hukumu hukaa nyumbani, au huenda kwa yule wa karatasi ya kwenye nguzo, ambaye haulizi maswali. Magonjwa ya ngono, au kwa urefu magonjwa yanayoambukizwa kwa ngono, yanaeleza njia ya maambukizi bila kumtia mtu hatiani.

Kundi la tatu ni la tafsiri sisisi. Siku hizi mijini mama mjamzito husema, "Maji imevunjika." Maji hayavunjiki, hata tukiyatolea ngeli yake. Huo ni Kiingereza kilichovishwa kanga. Wakunga wetu walisema chupa imepasuka, na taswira hiyo ni sahihi ajabu: mtoto yumo ndani ya kitu chenye ngozi nyembamba kilichojaa maji, nacho kimepasuka. Anayesikia "chupa imepasuka" huelewa kwamba hapana tena kungoja. Anayesikia "maji" anaweza kudhani ni mkojo au jasho.

Viungo vya mwili vimepatwa na masaibu ya namna hiyo. Dagoretti inajulikana kote jijini kwa machinjio yake. Mkazi wa huku akiingia buchani husema bila kusita, "Nipimie maini nusu," au huulizia figo na matumbo. Mtu huyo huyo akilazwa hospitalini huniambia ana shida ya "liva" au "kidni". Mnyama ana ini, binadamu ana liva! Nadhani tumelipa neno la Kiswahili hadhi ya kitoweo, tukalipa la Kiingereza hadhi ya ugonjwa. Na kwa kuwa buchani tumezoea wingi, wengi hudhani mtu ana maini kadhaa. Binadamu ana ini moja na figo mbili, na anayejua hivyo huelewa upesi zaidi kwa nini mtu anaweza kutoa figo moja na akaendelea kuishi.

Wapo watakaonikosoa kwamba ninataka kumrudisha mgonjwa shuleni. Watasema daktari mwerevu hutumia maneno ya mgonjwa, hata yakiwa ya Sheng. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Mazungumzo yaanze kwa lugha ya mgonjwa, lakini yasiishie hapo. Kuna majina ya kienyeji ambayo yakiachwa bila kuelezwa huua. Mfano ni degedege, mitukutiko ya mtoto mwenye joto kali. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 waliwakuta wazazi waliohusisha degedege na pepo anayekuja kwa umbo la ndege, na kwa hivyo walianza kwa mganga. Mara nyingi kilichokuwa kikimsumbua mtoto ni malaria kali, ambayo haina subira. Pepopunda nalo lina pepo ndani yake, tena wa punda, lakini limeunganishwa na chanjo ya wajawazito kwa miaka mingi hivi kwamba watu wengi wakilisikia huwaza sindano. Jina la zamani si lazima litupwe. Lazima lifungamanishwe na maarifa sahihi.

Kwamba umma hauwezi kujifunza neno jipya ni uzushi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipozuka katika miaka ya 1980, Uganda waliuita slim na Kagera wakauita Juliana, jina la kitambaa. Leo mtoto wa shule anajua kuwa UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini. Jina hilo lina somo zima la tiba ndani yake, kwani linakwambia kilichoharibika. Na Machi 13, 2020, serikali ilipotangaza kisa cha kwanza cha korona nchini, ni wangapi katika mitaa yetu walilijua neno barakoa? Lilikuwa neno la Pwani na Zanzibar, lililotaja kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu. Muda si muda makanga wa matatu za Kawangware walikuwa wakipaza sauti, "Barakoa! Bila barakoa huingii!" Hatukufundishwa darasani. Tulilisikia kila siku, likiwa na maana moja, kutoka kwa kila aliyezungumza.

Kwa hivyo hatuhitaji jopo jingine la kuunda istilahi kwa sasa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa hata Kamusi ya Tiba. Kinachohitajika ni kuyatoa maneno kabatini. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Lakini wauguzi na matabibu wetu husomea fani zao kwa Kiingereza, kisha tunawatuma Mutuini na Riruta wakatafsiri kichwani, foleni ikiwa imefika langoni. Tusiwalaumu wao peke yao. Hakuna aliyewapa zana.

Zana zenyewe si ghali. Vyuo vya mafunzo ya tiba viwape wanafunzi saa chache za Kiswahili cha zahanati, wakifunzwa kuuliza "Mwili wake ni moto?" badala ya "Ana homa?", na "Umekohoa damu au umeitapika?" badala ya kuandika alivyosema. Wahariri wa habari waache kuwaugulisha watu shinikizo la damu. Wachapishaji wa vipeperushi wafute uchafu waandike ute. Na kwenye kile kikopo alichopewa kila anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, pabandikwe maneno haya kwa herufi kubwa: "Kohozi. Kohoa kutoka ndani ya kifua. Usiteme mate." Kila Julai 7 tunakiadhimisha Kiswahili duniani kwa hotuba na ngoma. Mwaka ujao ningefurahi zaidi kukisoma kibandiko hicho.